Kamba Niliyowapimia Wajane

Siku yangu ya kwanza kazini nilishika ncha ya kamba, nikasaidia kumnyang'anya mjane mwenzangu shamba. Naanza na hilo ili msidhani nilizaliwa shujaa.

Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha. Kijiji chetu cha ujamaa, upande wa Tura, kilibaki na wajane sita, nami mmoja wao. Halmashauri ya kijiji ilinipa kazi ya upimaji kwa sababu nilifaulu kisomo cha watu wazima. Kamba ilikuwa na fundo kila hatua kumi; kwenye kona tulipigilia mambo, yaani vijiti vya mpaka.

Mwenyekiti Sefu aliagiza mashamba ya marehemu yaandikwe kwa ndugu zao wa kiume. "Mwanamke haandikwi shamba. Akilitaka, akubali kurithiwa."

Nikapima. La kwanza, la mjane mwenzangu dada Zena, likaenda kwa shemeji yake. Mwezi uliofuata ikawa zamu yangu: shemeji yangu Hamisi, mlevi wa kutupwa, alilitaka shamba na mimi juu yake.

Nilikwenda kwa Zena nikapiga magoti.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Leo kamba imekukaba wewe?" Akacheka, mimi nalia. "Ile kanuni yao, kwamba shamba lenye matuta mapya haligawiwi mpaka mavuno, bado ipo?"

"Ipo. Niliinakili mwenyewe."

"Basi kaazime ngoma."

Kwetu jirani humlimia jirani kwa ngoma, naye mwenye shamba hupika ugali. Asubuhi wanawake wakajipanga mstari na majembe, wakiuimba ulevi wa Hamisi. Mwenyekiti alipofika na Bwana Shamba wa kata, matuta yalishafika mpakani na marando ya viazi yamo ardhini.

"Nani kawaruhusu?"

"Njaa, Mwenyekiti," Zena akajibu. "Mwandike huyo njaa."

Bwana Shamba alificha kicheko. "Hapa hatupimi mpaka mavuno."

Kabla ya mavuno tulikwenda kata wajane wote sita, tukakaa barazani siku tatu mpaka wakubwa wa kata wakachoka kutuona. Tuliondoka mashamba yakiwa kwa majina yetu, la Zena pia. 

Sasa mgongo umenistaafisha kazi ya kamba. Sefu na Hamisi nawataja kwa sababu wako hai na hawajaomba radhi. Siingojei tena radhi yao. Hamisi akipita kando ya shamba langu hunisalimia yeye kwanza, nami humwitikia huku napalilia.