Mwaka Huingia Jua Likizama

Bibi niliyekuwa nikimhudumia nyumbani kwake Tottenham, Myahudi wa miaka tisini, aliomba jambo moja tu: siku ile nisimlaze saa kumi na mbili jioni kama kawaida, maana mwaka mpya wao unaingia jua likizama. Alitaka mwaka umkute mezani, amevaa gauni lake jeupe, mishumaa imewashwa.

Nikampigia simu meneja anayetupangia zamu.

"Mlaze," akasema. "Kalenda yangu inaonyesha mwaka mpya wao ni kesho."

Angekuwa Mwingereza, ningesema hajui. Lakini yule ni dada wa Mombasa, Mwislamu kama mimi, tena ndiye hunipigia simu kila Ramadhani mwezi ukiandama.

"Dada," nikamwambia, "tarawehe ya kwanza unaiswali jioni ileile mwezi unapoandama, au unangoja kesho yake kalenda ikuruhusu?"

Akasema hayo ni mambo mengine. Mengine vipi? Sisi tuliolelewa tukiita Alhamisi jioni usiku wa Ijumaa, leo ndio wa kumfundisha mtu wa miaka tisini siku yake inaanza lini?

Nikamkatia simu. Bibi hajui Kiswahili, lakini sauti yangu ilikuwa imemtosha.

"Wamekataa?" akauliza, na vidole vyake vilikuwa vimeshaanza kufungua vifungo vya gauni, taratibu, kama mtu aliyezoea.

"Vifunge tena, bibi," nikamwambia, nikavuta kiti nikaketi naye.