Shangazi Alivyosimamia Udaktari Wangu wa Sheria

Chuo changu cha Uholanzi kina desturi moja: siku ya kutetea shahada ya uzamivu, mtahiniwa huwa na msindikizaji pembeni yake. Kazi yake ni kusimama tu na kupendeza. Mimi niliruhusiwa kutetea kwa mtandao nikiwa nyumbani Chapwa, jirani na Zambia, nikamchagua shangazi yangu anayeuza vitenge mpakani.

Udaktari wa sheria aliujua. Mchungaji wake alipewa wa heshima huko Zambia: aliitwa, akavishwa joho, watu wakala wali. Nikamweleza kwamba wangu si wa kupewa. Nimeusotea miaka, na maprofesa wakiukataa, wataukataa mbele ya ukoo mzima.

"Usihofu, mwanangu," akasema. Kwake kumsimamia binti ni kumsemea, kama kwenye posa, na mahari nyingi za ukoo wetu zimepita mdomoni mwake.

Siku ikafika, sebule ikajaa. Profesa wa kwanza alikuwa mpole. Wa pili, mwenye ndevu, akasema sura ya tasnifu yangu kuhusu mirathi ya familia za mpakani haijamshawishi hata kidogo. Sheria yote ikanitoka kichwani.

Kiingereza cha shangazi ni cha kuuzia vitenge, ila uso wa wakwe wakorofi anaujua. Akapiga magoti mbele ya kompyuta, akapiga makofi taratibu kwa heshima.

"Mukwai, waheshimiwa baba zangu, mtoto hajibizani na wakubwa. Shida yenu semeni na mimi."

Mwenyekiti wa jopo akaniomba nitafsiri. Nikatafsiri, ningefanyaje? Wakacheka mpaka mwenye ndevu akavua miwani. Nami nikacheka, pumzi ikarudi. Nikaomba swali lirudiwe, nikalijibu, na kusema kweli nilifurahia kubishana naye.

Maprofesa wakatoka kushauriana. Shangazi akaninong'oneza kwamba wageni wa posa wakienda faragha hivyo, ujue wanatafuta ng'ombe wa kuongeza.

Waliporudi, mwenyekiti alitangaza kuwa nimefaulu. Vigelegele vikapigwa hadi jirani akachungulia. Kisha mwenyekiti akauliza kama naahidi kuitumia elimu hii kwa uaminifu. Nikamgeukia shangazi anijibie, wala sioni haya kulisema.

Akatikisa kichwa.

"Hapa mimi simo. Hata kwenye posa, mwisho binti huulizwa mwenyewe."

Sebule nzima ikanitazama.

"Naahidi," nikasema.