Mkwaruzo Ndani ya Gobore

Harufu ya mafuta ya nyonyo yakiungua hunitoa nyumbani hadi leo. Wake wa wanangu wakiyapasha moto, mimi huchukua kigoda changu nikaenda kukaa kwenye shamba la kahawa mpaka harufu iishe, nao hucheka na kusema bibi kazeeka. Waache wacheke. Harufu hiyo, ikichanganyika na ya risasi inayoyeyuka kwenye kigae, ndiyo iliyojaa kwenye banda la baba yangu kule Kiruruma, kiangazi kimoja cha miaka ya hamsini, nilipokuwa na umri wa kama miaka kumi. Baba tulimwita Tata, kama Wanyambo wenzetu. Alikuwa mhunzi. Alifua majembe, visu na mikuki, na watu walipomletea bunduki mbovu alizitengeneza pia, ingawa hakuna aliyewahi kumfundisha. Alikuwa fundi hasa, sikatai. Lakini alikuwa na mkono mwepesi, na alipiga kwa chochote kilichokuwa karibu, koleo au ukuni au mpini wa jembe. Mama alipigwa, kaka zangu walipigwa, na wao walipokwenda shule ya misheni nikabaki mimi.

Mjomba wangu Ishengoma, mdogo wake mama, aliishi ng'ambo ya bonde. Alikuwa mtu wa masihara, na kwa kuwa alinikuta kila mara bandani nikivukuta moto, aliniita Bwana Fundi na kuniamkia yeye kwanza, "Shikamoo Bwana Fundi," huku ameinama mpaka kofia inaanguka. Alikuwa na gobore alilorithi kwa baba yake, bunduki ya zamani ambayo baruti na risasi hushindiliwa kwa mdeki kupitia mdomoni. Magobore mengi ya huku kwetu yalikuwa laini ndani. Hili lilikuwa na mifereji sita myembamba iliyojipinda toka juu hadi chini, ili risasi itoke inazunguka na kwenda moja kwa moja. Mjomba alijivunia mifereji hiyo kana kwamba aliichonga mwenyewe, lakini bunduki aliichomeka darini mahali panapovuja, na masika mawili yakapita. Kiangazi kile mbogo walipopanda kutoka mabonde ya Kagera wakitafuta maji, wakaingia kwenye maharage ya watu, akaishusha, akaifuta kwa nje na kwenda nayo shambani asubuhi. Kutu ilikuwa imeifanya mifereji iwe na meno meno. Risasi ilitoka inayumba, ikampiga dume moja pajani.

Mbogo yule alikimbilia kwenye migomba ya Mama Kaijage, jirani yetu, aliyekuwa akikata majani makavu. Nilimwona mama yule kabla hawajamfunika, kwa sababu watoto tulifika upesi kuliko watu wazima. Pembe ilikuwa imeingia chini ya mbavu na kutokea mgongoni. Kisha mnyama alimrudia akamkanyaga, akamgaragaza kwa paji la uso mpaka kanga yake na udongo vikawa kitu kimoja, na matumbo yake yalikuwa yametapakaa juu ya machipukizi ya migomba. Kisu chake alikuwa bado amekishika. Nilitapika pale pale, nikapigwa kofi na mtu nisiyemjua kwa kutapika karibu na maiti.

Kwetu, mnyama uliyemjeruhi ni wako mpaka ummalize, na lolote atakalolifanya kabla hujammaliza umelifanya wewe. Kwa hiyo jioni ile, jua likiwa bado juu ya kilima, wana watatu wa marehemu walikuja uani kwetu, ambako mjomba alikuwa amekimbilia. Hawakusalimu. Walimburuta kwa kumshika miguu kutoka jikoni kwa mama, wakampiga kwa marungu mpaka meno mawili yakaanguka kwenye majivu, na mama alipojitupa juu yake wakampiga na yeye. Tata alisimama mlangoni mwa banda na nyundo mkononi bila kusogea. Mtoto mkubwa wa marehemu, Kaijage mwenyewe, ndiye aliyesema, huku anahema: "Ishengoma, mbogo ni wako. Siku ya kuondoa matanga tukikuta bado anapumua, tutafyeka migomba yako yote, tutachoma nyumba, na wewe ukiwa ndani." Hakuna aliyedhani ni maneno ya hasira tu. Zilikuwa zimebaki siku tatu matanga yaondolewe.

Kesho yake alfajiri Tata alianza kazi. Kwanza alijaribu kufungua skrubu inayoziba mtutu kitakoni ili aone ndani, lakini kutu ilikuwa imeing'ang'ania, na akaogopa kuuvunja mtutu. Ikabidi afanye kazi kwa kupitia mdomoni tu, bila kuona. Aliviringisha uzi kwenye ncha ya fimbo ya chuma, akaiingiza ikabaki nafasi ya vidole vitatu hapo juu, akaupasha mtutu moto, kisha akamimina madini ya risasi, yale ya kufulia risasi za bunduki, yakiwa yameyeyuka. Ilipopoa ilikuwa imeshika umbo la ile mifereji, kila mfereji na ukingo wake. Tukaipaka mafuta ya nyonyo na unga wa jiwe la kunolea, niliousaga mimi kwenye jiwe la mama na kuuchekecha kwa kitambaa. Upande wa pili wa fimbo kulikuwa na mpini wa mti unaozunguka wenyewe, kwa sababu risasi ile inaposukumwa lazima iachwe ijipinde inavyotaka mifereji. Ukiilazimisha unaharibu. Unasukuma hadi chini, unavuta hadi karibu na mdomo, unasukuma tena. Mara mia mbili, kisha risasi imeisha unene, unaitoa, unaiyeyusha na kuanza upya.

Tata alikuwa na nguvu za kusukuma lakini viganja vyake vilikuwa vimekufa kwa moto wa miaka mingi, na havikuhisi kitu. Ndiyo maana mpini alinipa mimi. Kiganja changu kilihisi kila jino la kutu. Mwanzoni fimbo ilikuwa inakwama kila shibiri. Kufikia jioni ya siku ya kwanza nusu ya juu ilikuwa inateleza, na mimi malengelenge yalikuwa yameshapasuka, mpini umelowa. Kila risasi ilipoisha Tata aliuliza swali lile lile, "Panakwaruza?" Nikisema ndiyo alisonya, akaitupa risasi motoni. Siku ya pili mchana palibaki mahali pamoja tu, shibiri moja kutoka chini, karibu na pale baruti inapokaa. Tulipasugua mara tatu na mara tatu nikasema bado. Mara ya nne nilipomwambia bado panakwaruza, alinipiga kwa koleo begani. "Unataka kulala tu wewe! Panakwaruza wapi? Mimi nasikia mteremko!" Nilianguka kwenye mkaa. Akaniinua kwa mkono, akamimina risasi nyingine, nikasukuma mia mbili nyingine nikilia kimya kimya, kwa sababu kilio cha sauti kilikuwa na kipigo chake.

"Panakwaruza?"

Palikuwa panakwaruza. Kidogo sana, kama ulimi wa ndama kwenye kidole, lakini palikuwepo. Nilimtazama Tata na lile koleo, nikatazama viganja vyangu.

"Hapana Tata. Panateleza."

Mjomba alikuja kulichukua gobore uso umevimba, jicho moja limefumba. Hata hivyo alivua kofia. "Shikamoo Bwana Fundi." Akaingiza kidole mdomoni mwa mtutu, akakizungusha, akatabasamu kwa upande wa mdomo uliobaki na meno. Nilitaka kumwambia. Nasema kweli, nilikuwa nimeshafungua mdomo. Lakini Tata alikuwa anakusanya vifaa vyake nyuma yangu, nikainama kuokota makaa.

Asubuhi ya kuondoa matanga watu walimkuta mbogo amelala kwenye matete bondeni, paja limeoza. Mjomba alishuka peke yake mbele, na wana wa marehemu nyuma yake na mikuki, si kumsaidia, ni kumchunga. Sisi wengine tulikaa kileleni tukitazama. Risasi ya kwanza ilikwenda sawasawa kama Tata alivyoahidi, ikamwingia mbogo begani, akapiga magoti. Watu wakashangilia. Kisha akasimama. Mjomba akaanza kushindilia tena kwa haraka, na masizi ya baruti ya kwanza yalikuwa yameshaganda pale pale penye mkwaruzo wangu. Mdeki ulipogota hapo alidhani umefika chini, kumbe risasi ilikuwa imekwama juu na kuacha nafasi tupu kati yake na baruti. Alinyanyua, akafyatua, na mtutu ukapasuka. Niliona moshi unatoka ubavuni badala ya mdomoni, nikaona mkono wake wa kushoto umegeuka kitu chekundu, vidole havionekani. Mbogo alimfikia akamrusha juu mara moja tu, kabla mikuki ya akina Kaijage haijamzamia mnyama shingoni. Walimchoma na kumchoma, hata alipokwisha kufa, wakipiga kelele za jina la mama yao, mpaka mikuki miwili ikavunjika mipini.

Mjomba hakufa. Alipoteza vidole vitatu na lile jicho lililokuwa limevimba, na tangu hapo alitembea ameinamia upande kwa sababu nyonga ilivunjika aliporushwa. Akina Kaijage walimpelekea mguu wa mbogo, deni lao likaisha, na miaka miwili baadaye walikuwa wakinywa pombe ya ndizi mtungi mmoja. Yeye alijilaumu mwenyewe. "Nilikuwa na haraka," alimwambia kila aliyemwuliza, "nikaweka baruti ya watu wawili." Aliendelea kunivulia kofia kwa mkono wenye vidole viwili, na nikawa nikimwona anakuja najificha kwenye shamba la kahawa. Watu walidhani naogopa kovu.

Tata aliuchukua mtutu uliopasuka, akaupasua wote kwa tindo kufuata ule ufa, mpaka ukafunguka vipande viwili. Nilikuwepo, nilikuwa navukuta. Alipitisha macho kutoka mdomoni kushuka, na pale shibiri moja kutoka chini akasimama. Pale ambapo viganja vyake havikuweza kuhisi, macho yake yaliona. Kisha aliniangalia. Nilingoja koleo. Nilijikunja kabisa, nikafunika kichwa. Aliweka kipande kile chini taratibu, akatoka nje, akakaa kwenye gogo mpaka moto ukazimika. Hakuniuliza, hakunipiga, wala hakunipiga tena mpaka anakufa, ingawa mama aliendelea kupigwa. Bunduki hakuzigusa tena. Na mimi, ambaye niliomba kila siku asinipige, niliumia kuliko nilipokuwa nikipigwa, kwa sababu nilijua anajihesabu na yeye mwenye kosa ndani ya uongo wangu.

Wote wamekwisha sasa, Tata, mama, mjomba. Mbogo wako huko hifadhini na wenye bunduki ni askari wa wanyamapori, na Kiruruma mtoto akipigwa koleo mwalimu ataandika barua. Ni vizuri hivyo, wala sina hamu na zamani. Lakini kipande kimoja cha mtutu ninacho, chini ya kitanda, na kila kiangazi nakipaka mafuta, mafuta ya taa, si ya nyonyo, kutu isije ikala kile nilichokiacha. Mwaka huu kitukuu changu, msichana wa miaka tisa, alikivuta nje akakiweka juani. Akapitisha kidole kwenye mfereji, taratibu, kutoka juu kushuka. Mjomba amekufa miaka mingi bila mtu kumwambia, na Tata hakuwahi kuniuliza mara ya pili.

"Bibi," akasema, "hapa panakwaruza."

"Ndiyo," nikamjibu. "Bado panakwaruza."