Ndama Aliyelala Peke Yake

Juzi niliona vijana wa mjini wakipanda kilima cha Kisian na mbwa wao, wakikatiza katikati ya ng'ombe waliokuwa wakila nyasi. Nikamkumbuka shangazi yangu, Akinyi.

Alasiri moja nilipokuwa mdogo, tulikuwa tukivuka malisho hayo kwenda kwa nyanya. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, na kila mahali palinuka samadi na udongo mbichi. Karibu na njia nikaona ndama amelala peke yake kwenye nyasi ndefu. Niliamini ametupwa. Nikaiacha njia, nikachuchumaa, nikamshika shingo.

Ndipo nikasikia kitu kikipumua kwa nguvu. Mama yake alikuwa anakuja, kichwa chini.

"Usikimbie, nyathina, mwanangu," shangazi alisema, kwa sauti ile ile ya kuniita kula. "Mwache mtoto wa wenyewe. Njoo kwangu polepole."

Nilitembea hadi kwake. Akanishika mkono, tukazunguka mbali, huku akimwambia ng'ombe, "Pole, mama. Sisi tunaenda." Nilidhani wanafahamiana.

Ng'ombe akasimama, akaanza kumlamba ndama wake. Nilifurahi sana kuona kumbe ana mama.

Tulipofika ng'ambo ya malisho, shangazi aliketi kwenye nyasi zilizolowa, na gauni lake la kanisani, akacheka huku akifuta machozi.

"Tupumzike kidogo," alisema.

Nikamwambia mimi sijachoka. Akanivuta, akanikumbatia, na moyo wake ulikuwa ukidunda kama wa mtu aliyekimbia, ingawa tulikuwa tumetembea tu.