Aliyebaki Motoni

Ubani wa vijiti, ule ambao Wahindu huuchoma mbele ya sanamu za miungu yao, ulikuwa harufu isiyo na haki ya kuwepo katika kibanda cha video kilichokuwa nyuma ya soko la Ruiru. Siku nyingine zote kibanda kile cha mabati kilinuka jasho, vumbi na mahindi ya kuchoma. Lakini Jumamosi alasiri, katika msimu ule mmoja wa utoto wangu, ulipopinda kona ya wauza mitumba ulikutana na moshi mtamu, mzito kidogo, unaokwama kooni kama neno lililokatazwa. Aliyeuchoma alikuwa mfasiri wa sinema, mtu mwembamba tuliyemjua kwa jina la Dijei tu, ambaye kazi yake ilikuwa kuketi kando ya runinga na kipaza sauti, kupunguza sauti ya sinema na kutusimulia kwa Kiswahili na Kikuyu yale ambayo waigizaji walikuwa wakisema, au yale aliyoona kwamba walistahili kusema. Kanda za msimu ule aliziazima Thika, kwa bibi mmoja wa Kihindi aliyekuwa na duka la vitambaa, na bibi huyo alimpa kwa sharti. Hadithi iliyokuwamo ilikuwa takatifu, na kwao kuitazama kulikuwa ibada. Kwa hiyo ubani uchomwe kwanza, watu wasile, na kila mtu avue viatu. Dijei, ambaye hakuwahi kuheshimu kitu, aliliheshimu sharti hilo kwa namna iliyotutia wasiwasi.

"Viatu mlangoni," alisema. "Leo hapa ni kanisa."

"Na vikiibiwa?" mvulana mmoja akauliza.

"Hizo zako? Mwizi atakurudishia na akuambie pole."

Tulicheka, kisha tukaingia kimya, nyayo zetu zikigusa udongo baridi. Kwenye kioo kilichojaa chengachenga alikuwako mwana wa mfalme aliyefukuzwa kwao akaenda kuishi msituni pamoja na mkewe. Nilimpenda mke huyo kwa sababu ambayo sikumwambia mtu. Mama yangu alikuwa ameondoka kwenda nchi za Ghuba, Uarabuni, kufanya kazi za nyumbani, akaniacha kwa shosho, nyanya yangu, na mimi niliamini kwamba mwanamke yeyote mpole anayekaa mbali na kwao lazima ajuane na mama yangu. Kwa hiyo siku mfalme mwenye vichwa kumi alipojigeuza mtawa wa kuomba chakula, akamnyakua mke yule na kumpeleka ng'ambo ya bahari, nilisimama bila kujijua. Niliona kwamba ile ndiyo safari yenyewe. Mama naye alikuwa amevushwa bahari kwa njia ya anga, baada ya mtu mwenye maneno mazuri kuja mlangoni kwetu.

Hapo ndipo Dijei alipopunguza sauti. Hakufanya mzaha wake wa kawaida. Alisogeza kipaza sauti karibu na mdomo akasema, kama mtu anayemnong'oneza mgonjwa: "Msilie. Huyu anayebebwa si mke wake. Ni kivuli. Mwenyewe amefichwa ndani ya moto, na moto unamtunza." Kisha akazima sauti yote ya runinga, na kwenye kioo yule mwanamke akaendelea kufungua kinywa bila sauti. Nilirudi nyumbani nikitembea kando ya ukuta, nikiwaza kwamba kama kilichochukuliwa ni kivuli, basi siku moja kitakachorudishwa kitakuwa kivuli pia.

Aliyekwenda Ghuba alirudi kabla ya hadithi ya kibandani kufika mwisho. Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, lakini hawakusema anayerejea atafanana vipi na aliyekwenda. Gari lilimshusha mchana, jua likiwa kali. Akaja mpaka mlangoni, akasimama. Hakuingia mpaka shosho alipomwambia aingie, na hakuketi mpaka alipoambiwa aketi. Mama niliyemkumbuka alijaza nyumba kwa sauti kabla hajaonekana. Huyu alipita vyumbani bila kusikika, ukageuka ukamkuta ameegemea kona, mikono ameikunja, akingoja. Ukimwita jina lake hakugeuka. Baadaye nilikuja kujua kwamba kule alikokuwa walimpa jina jingine, rahisi kwa midomo yao, na masikio yake yalikuwa bado yakilisubiri jina hilo. Wakati ule sikujua. Nilichojua ni kwamba kiumbe hiki kilikuwa na sura ya mama yangu na kovu la mama yangu juu ya nyusi, na kwamba hakikujua jina lake.

"Muache apumzike," shosho aliniambia aliponiona nikichungulia. "Amechoka. Na wewe mbona humsalimii mama yako kama mtu?"

Nilimsalimia. Lakini sikumwita Mama. Neno hilo nililiweka akiba kwa ajili ya yule mwingine, aliyekuwa bado anatunzwa na moto, kwa kuwa niliogopa kwamba nikilitumia kwa kivuli, yule wa kweli angesikia kule aliko na kudhani nafasi yake imeshachukuliwa. Nilikula alichopika, nikavaa alichofua, nikajibu kila alichouliza, nikingoja Jumamosi. Dijei alikuwa ametuahidi kwamba kanda iliyobaki ndiyo yenye moto. Mke angekombolewa, mumewe angetilia shaka usafi wake, naye angeingia motoni mbele ya jeshi lote. "Kitaingia kivuli," Dijei alisema, "na atatoka mwenyewe." Sikuhitaji kitu kingine duniani ila kuona jinsi inavyofanyika.

Jumamosi hiyo kibanda kilijaa mpaka watoto wengine wakakaa juu ya viatu mlangoni. Moto uliwashwa. Mwanamke akakutanisha viganja, akatembea, ndimi nyekundu zikapanda pande zote mbili za mwili wake mpaka usoni, na stima ikapotea, runinga ikazimika. Kulibaki mistari ya jua kwenye matundu ya misumari, na moshi wa ubani ukipita ndani yake.

"Dijei, maliza basi," mtu akasema. "Si unaijua?"

Tulimsikia akipumua kwenye kipaza sauti ambacho hakikuwa tena na uhai. "Bila picha sioni kitu," akajibu. "Nitawaambiaje ametoka na sijamwona akitoka?" Huyu alikuwa mtu ambaye kwa miaka aliwatungia waigizaji maneno bila haya. Tulingoja, stima haikurudi, na Jumamosi iliyofuata bibi wa Thika alikuwa amezitaka kanda zake.

Siku ile stima ilipopotea nilifika nyumbani nikamkuta yule aliyerudi amechutama uani mbele ya jiko, akipuliza makaa. Kila alipopuliza, uso wake uliwaka mwekundu, kisha ukazimika. Nilisimama upande wa pili.

"Utaingia lini?" nikamuuliza.

"Niingie wapi?"

"Kwa moto. Ndio mama atoke."

Hakunicheka, wala hakumwita shosho. Nikaona kwamba alielewa zaidi ya nilichokuwa nimesema. "Nilishaingia," akasema. "Nikakaa sana huko. Huyu ndiye alitoka." Kisha akaendelea kupuliza. Jibu hilo halikunituliza, kwa maana ndilo ambalo mama wa kweli angelitoa, na ndilo ambalo kivuli pia kingelitoa. Hata hivyo nilianza kumwita Mama jioni hiyo, kwa tahadhari, kama mtu anayejaribu daraja la mbao kwa mguu mmoja.

Huenda ndiyo sababu leo ninaandika tasnifu ya uzamili kuhusu uaminifu wa filamu na tamthilia kwa tenzi takatifu za Kihindi. Nilichora jedwali. Safu ya kwanza niliiita "asili", na zilizofuata zilikuwa za picha: nani ameongeza, nani amepunguza, nani amepotosha. Tamthilia ya kibandani niliipata tena, nikaisikiliza pamoja na mwalimu anayejua lugha ile. Katika tukio la kunyakuliwa, hakuna anayetamka neno kivuli. Nikaandika kwamba Dijei alilibuni. Wiki chache baadaye, nikiwa chumbani kwangu katika mtaa wa Kahawa Sukari, nilikuwa nikisoma tafsiri ya masimulizi mengine ya kale ya hadithi ile ile, nikalikuta: mke alikabidhiwa moto, na kilichovushwa bahari kilikuwa kivuli chake. Kuna Wahindu ambao wameiamini hivyo kwa karne nyingi. Niliweka kitabu chini. Yawezekana bibi wa Thika alimwambia Dijei alipokuwa akimkabidhi kanda. Yawezekana pia Dijei alilitunga mwenyewe papo hapo ili kutunyamazisha. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nimepima kila uwezekano mara nyingi kuliko inavyofaa afya yangu, na hakuna wa kumuuliza. Msimamizi wangu anataka nijaze safu ya kwanza. Mimi kila nikiikaribia nakuta wasimulizi wengi, kila mmoja ameapa kuwa mwaminifu, na yule mwanamke hafanani katika masimulizi yoyote mawili.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona Mama, ambaye siku hizi analima na kufuga kuku Kalimoni. Nilikuwa na filamu mpya kwenye simu, picha safi kama maji, na akaomba kuona ninachosomea. Tulitazama uani, tukiwa na viatu vyetu. Mwanamke akaingia motoni. Muziki ukapanda, ndimi zikafunguka kama pazia, naye akatoka, vazi halijaungua, maua yakiwa mabichi kwenye nywele. Mama aliniomba nirudishe nyuma. Akatazama tena, uso wake karibu sana na kioo.

"Wamekosea," akasema. "Anatoka haraka sana."

Nilitaka kumuuliza alipaswa kukaa kwa muda gani. Utotoni ningeuliza, maana wakati ule nilidhani jibu lingenirudishia mtu. Sasa nimeufikia umri aliokuwa nao alipopanda ndege, na nikijaribu kumkumbuka yule aliyeondoka ili nimlinganishe na huyu, sauti yake hainijii, wala mwendo wake. Niliyenaye ni huyu, na ndiye aliyenilea. Nilizima simu nikammiminia chai. Aliipokea kwa mikono miwili, akiinamisha kichwa, kama mgeni asiyejua kama ataruhusiwa kukaa.

"Karibu, Mama," nikamwambia.