Mstari wa Sifuri

Kila asubuhi, kabla hata hajavaa koti lake jeupe, aligonga bureti kwa ukucha mara mbili, ti, ti, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ya watu asiowazoea. Alisema anafukuza mapovu ya hewa yanayojificha kwenye koki. Povu likibaki pale litahesabiwa kama maji, na siku nzima utakuwa unapima upepo.

Kazini walimwita Mama Tone. Kiwanda kilitengeneza siki, na yeye ndiye aliyesema siki imefika au haijafika. Ukimtazama kutoka mlangoni ungedhani ni mchezo wa watoto. Bureti ni bomba refu la kioo, jembamba, lenye mistari kama rula na koki chini. Alilijaza maji ya magadi makali mpaka kwenye mstari wa sifuri, juu kabisa. Chini yake aliweka chupa yenye siki kidogo na matone mawili ya dawa isiyo na rangi. Halafu akaachia magadi tone kwa tone, huku mkono wa pili unatikisa chupa, mpaka siki igeuke waridi hafifu na rangi igome kufutika. Hapo alifunga koki na kusoma maji yameshuka mpaka mstari gani. Ikiwa ishirini na tano, siki imekamilika. Ikipungua, siki ni chapwa, mtu kainyima asidi.

Kila tangi alilipima mara tatu, na namba zake tatu zilifanana kama watoto wa tumbo moja. Sifa yake ilitokea hapo. Mkuu wa maabara aliwaambia wageni, "Huyu mama macho yake ni mizani." Yeye aliinamisha kichwa, akaendelea kusuuza chupa. Miaka kumi na sita, kwenye chumba chenye dirisha moja lililopigwa misumari ili vumbi lisiingie. Harufu ya siki ilimfuata mpaka kitandani.

Mchanganyaji wa siki alikuwa shemeji yake, kaka mkubwa wa mumewe. Huyo ndiye aliyemimina asidi kwenye matangi kwa kopo, miaka kumi na moja. Walitoka nyumba moja asubuhi, wakarudi nyumba moja jioni, pamoja na mama mkwe, vyumba vitatu na ukumbi mwembamba katikati.

Kisha namba zikaanza kupungua. Ishirini na nne na sehemu sita za kumi. Tena ishirini na nne na sehemu sita. Tangi hili, tangi lile, wiki hii, wiki ijayo. Wakubwa wakapiga hesabu: upungufu ule mdogo, kwenye tangi kubwa, ni kopo zima la asidi. Kopo anashika nani? Shemeji. Akafukuzwa kwa wizi, na karatasi zilizomfukuza zilikuwa na sahihi ya Mama Tone, maana kusaini ndiyo kazi yake.

Tangu hapo shemeji alikaa ukumbini kutwa, miguu kainyoosha, anashona viatu ambavyo havijachanika. Ukitaka kwenda bafuni lazima uruke miguu yake.

"Pita, mizani, pita," alimwambia.

Mama mkwe naye alikuwa na lake. "Mkaza mwana, hiyo namba yako haina huruma?"

"Mama, mimi sikuitunga. Niliisoma tu."

"Basi kaisome tena."

Alikwenda akaisoma tena. Mara tatu, ileile. Angekuwa anakosea, aliwaza, si ingebadilika hata mara moja? Wazo hilo lilimpa usingizi, na hilo hilo lilimfunga. Mchanganyaji mpya alipokuja alijua la kufanya: aliongeza kopo moja kila tangi, namba zikanyooka, akasifiwa uaminifu.

Siku moja, mwezi wa nane baada ya shemeji kuondoka, Mama Tone alihitaji karatasi za kuchujia zilizokuwa rafu ya juu. Alikuwa ameshajaza bureti. Akavuta kreti ya chupa, akapanda, akanyoosha mkono, na jicho lake likapita sawasawa na mstari wa sifuri.

Maji yalikuwa juu ya mstari.

Akageuka kuona nani kaongeza. Chumba kitupu. Akashuka chini: maji yako kwenye sifuri. Akapanda: yamevuka. Akashuka, akapanda, kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Ile meza. Miezi tisa nyuma waling'oa meza ya mbao, wakajenga ya zege yenye vigae, iliyoinuka kuliko ile kwa shubiri moja na nusu, na yeye ni mfupi. Mistari imechorwa mbele ya kioo, maji yako ndani. Ukitazama kutoka chini, mstari unaonekana umekutana na maji, kumbe maji yako juu yake. Mwisho wa kipimo maji yameshuka mpaka usawa wa macho, hapo anasoma vizuri. Kwa hiyo kila mara magadi yaliyotoka yalizidi yale aliyoandika, kwa sehemu nne zilezile zilizokosekana. Shemeji hakuiba hata tone. Namba tatu zilifanana kwa sababu kosa lilikuwa moja, na lilirudiwa na mtu makini.

Mkuu wa maabara alipanda kreti mwenyewe, akatazama, akashuka taratibu.

"Umemwambia nani?"

"Wewe wa kwanza."

"Na niwe wa mwisho. Mama Tone, vyeti vya miezi yote hiyo vina mhuri wangu na sahihi yako. Ukifungua kimoja, vyote vinafunguka."

"Na shemeji yangu?"

"Aliyeondoka kaondoka. Unadhani nyumbani watakupigia makofi? Watauliza nani alisaini." Akashusha sauti. "Endelea kusoma ukiwa chini. Baada ya wiki chache nitaleta kigoda, na huyu mpya nitamwambia apunguze kopo lake. Namba itabaki ishirini na tano. Hakuna atakayejua."

"Yaani nisome kosa makusudi."

"Soma ulivyozoea."

"Nilizoea nikiwa sijui."

"Usinifanyie falsafa, mama, kuna matangi sita yanakusubiri."

Akasoma hivyo siku tisa. Alisimama sakafuni, akajaza mpaka sifuri ambayo sasa aliijua si sifuri, akaandika. Mara mbili alipitiliza rangi, siki ikawa nyekundu kama juisi, akaimwaga. Nyumbani hali ilikuwa vilevile, aruke miguu kwenda, aruke miguu kurudi. Akitaka kusema, anaona uso wa mumewe, anaona wa mama mkwe, anachukua ndoo ya kuogea.

Jioni ya siku ya tisa shemeji hakusema "pita". Aliweka kiatu chini.

"Shemeji, wewe mtu wa vipimo, hebu nijibu kitu. Kopo lilikuwa lilelile. Siku hizi nakaa hapa najiuliza, labda mkono wangu ulikuwa unapunguza bila mwenyewe kujua. Inawezekana mtu akaiba bila kujua?"

Mama Tone alisimama na ndoo yake mbele ya miguu ile. "Maji yanapoa," alisema, akaruka.

Bafuni hakuoga. Alikaa juu ya ndoo.

Asubuhi aliingia maabara mapema kuliko mkuu. Kiwanda kilihifadhi chupa moja ya kila tangi kwa mwaka mzima, imefungwa kwa lakiri. Akaitafuta ya tangi la mwisho la shemeji, akavunja lakiri, akapanda kreti, akajaza upya. Ishirini na tano. Akarudia. Ishirini na tano. Akarudia. Aliandika kwa kalamu ya wino kwenye daftari la maabara: namba ya tangi, namba ya zamani, namba ya kweli, urefu wa meza, urefu wake yeye. Akanakili yote kwenye fomu ya cheti, akasaini.

Mkuu alimkuta anapuliza wino ukauke. Akasoma bila kukaa.

"Hii haina mhuri. Karatasi tupu."

"Ina sahihi. Ileile iliyomfukuza."

"Utajiharibia, Mama Tone. Nani atamwajiri mpimaji aliyeandika kosa lake mwenyewe?"

Alivua koti, akalitundika, akakunja karatasi mara mbili. Alijua kitakachofuata: kukaa chini pale ukumbini, mbele ya miguu ile, na kulisema kwa mdomo wake huku mama mkwe anasikiliza.

Getini mlinzi alifungua daftari lake. "Mama Tone, saa tatu hii, unakwenda wapi? Umesahau nini nyumbani?"

"Kuna majibu ya kipimo nayapeleka. Yamechelewa."

"Haya. Nikuandikie unarudi saa ngapi?"

"Acha wazi," alisema, akatoka akitembea upande wa kivuli, upesi, karatasi mkononi.

Mlinzi aliacha wazi, akidhani ni suala la saa moja. Jioni alifunga geti, na nafasi ile ilikuwa bado wazi. Mpaka leo iko hivyo.