Agosti Tuliyotumwa Kumleta Dani Mjini

Enzi zetu sisi watoto wa Milimani, mtaa wa Kisumu, likizo ya Agosti ilikuwa fupi na yenye baridi. Asubuhi ulivaa sweta ya shule hata ukienda chooni. Nikiwa darasa la tano, baba alitupeleka Usenge, kijijini kwetu kando ya ziwa, kwa wiki moja, mimi na mdogo wangu Akinyi, na alitupa kazi. Dani, yaani nyanya yetu mzaa baba, alikuwa amezeeka na alikuwa akiishi peke yake. Baba alitaka ahamie kwetu Kisumu. Alikuwa amemwomba mwenyewe, akakataliwa.

"Nyinyi hawezi kuwakatalia," akatuambia. "Mlilieni mpaka akubali."

Basi tukamlilia. Asubuhi tukinywa uji wa wimbi wenye ndimu, tunamwambia mjini kuna taa za stima. Mchana tunaacha kucheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, na watoto wa jirani, mpira wetu wa makaratasi mkononi, tunakimbia kwenda kumkumbusha. Jioni tukiota moto jikoni, tukitafuna nyoyo, yale mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, tunaanza upya. Dani alicheka tu: "Aa, nyinyi kazi yenu ni kelele!" Akinyi, ambaye wakati huo hakuwa na meno ya mbele, ndiye aliyemmaliza. Alimwambia watalala kitanda kimoja. Dani akachochea moto, akasema haya, atakuja. Mimi mwenyewe kufikia hapo sikutaka hata kurudi mjini, lakini kazi ni kazi.

Jumamosi baba akaja na gari, viatu vya ofisini vinang'aa. Sanduku la Dani likatiwa kwenye buti. Dani akaketi kiti cha mbele, kitambaa kipya kichwani. Omena wake wa mwisho, wale dagaa wa ziwani, walikuwa bado wameanikwa ufuoni juu ya nyavu kuukuu, na jirani alikuwa ameahidi kuwaanua. Baba alikuwa ndiyo kwanza anawasha gari Dani alipoona wingu jeusi likija kutoka ziwani.

Lo! Yule mama ambaye eti hangeweza kuishi peke yake alifungua mlango akatoka mbio. "Mvua! Anueni!" Tukamfuata. Baba naye akatufuata, viatu vinazama mchangani. Dani akashika pembe mbili za wavu, baba mbili, sisi tunazoa waliomwagika kwa mabeseni. Mvua ilitupata mlangoni tukiingiza beseni la mwisho.

Baba akaketi kwenye kigoda jikoni, maji yanamtiririka, tai yake inanuka omena. Dani alimtazama akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akaacha kucheka.

"Baba," akamwambia, maana alimwita hivyo kwa kuwa mwanawe huyo alipewa jina la babake Dani, "nikikaa huko kwako, nikiona wingu nitakimbilia nini?"

Baba alikula ugali sahani mbili. Alipomaliza kunawa mikono, akatugeukia sisi: "Watoto, toeni sanduku la Dani kwa gari." Akinyi akalia, safari hii kwa ukweli.

Watoto wangu mimi, nikiwaambia twende Usenge, swali la kwanza ni kama kuna waifai. La pili ni tunarudi lini. Omena wanawaona kwenye sahani, na hata hapo wanauliza kama lazima wale na vichwa. Baridi ya Agosti wanaiogopa kana kwamba wamezaliwa jangwani. Siwalaumu sana. Boma lipo, nyumba imepakwa rangi, nyasi zimekatwa, lakini hakuna mtu. Tunafungua madirisha, tunakaa kidogo, tunayafunga, tunarudi Kisumu. Sasa nimefika umri aliokuwa nao baba siku ile. Nina gari, nina chumba cha wageni kisicho na mgeni, na ningetoa chochote nifike pale nimwombe mtu aje tuishi naye mjini, anikatalie.